Maji Aliyoyatuma Nyumbani

Ungekuwa na shamba la majimaji nje ya Kitale miaka ya themanini, na ukataka likauke ili upande kabichi, watu wangekuelekeza kwa Jotham Walubengo. Wachimba mitaro wengine walikuwepo, tena wenye maneno matamu, lakini mvua ikinyesha ungekuta mitaro yao imejaa maji yaliyotuama tu, hayajui yaende wapi. Mitaro ya Walubengo ilitembea. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mkimya mpaka watu wa kwao upande wa Bumula wakasema Kitale kumempa maringo. Maringo hakuwa nayo. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na akishapata jambo moja la kufikiria lilimtosha wiki nzima.

Kazi yake aliifanya kwa mpango wake. Siku ya kwanza hakuchimba. Alivaa gamubuti akazunguka kinamasi chote, akipasua mafunjo kwa panga, mpaka akaona ni wapi maji yenyewe yalipenda kutokea. Hapo chini ndipo alipoanzia, akachimba akipanda, ili kila beleshi la udongo alilotoa liyape maji njia ya kuondoka. Walioanzia juu walifanya kazi wamezama magotini, naye akipita aliwatazama kwa huruma bila kuwaambia kitu. Kamba yake ya katani ilinyooka kutoka kigingi hadi kigingi, na kuta za mtaro alizilaza nyuma kidogo zisije zikabomoka. Akimaliza alitupa jani mtaroni akalitazama. Likienda bila kusitasita, alikunja kamba yake akaenda kula.

Jambo ambalo wenye mashamba hawakulijua, wala hawakuwa na sababu ya kuliuliza, ni kwamba huyu mkausha vinamasi alizaliwa katika nyumba ya samaki.

Kusini mwa Bumula ardhi inateremka taratibu kuelekea Mto Nzoia, na kabla ya kufika mtoni kuna bonde pana la nyasi ambalo ukoo wao ulikuwa umelishika tangu zamani. Mvua ndefu ilipoanza kule juu, Kitale na milimani, Nzoia ulijaa polepole, siku baada ya siku, ukabadilika rangi ukawa wa chai ya maziwa, mpaka ukavuka ukingo mahali pamoja palipokuwa chini. Mahali hapo waliita mdomo. Kwa mdomo huo maji yaliingia bondeni yakatandaa juu ya nyasi, ya kufika magotini, ya uvuguvugu, yasiyo na haraka yoyote. Na nyuma ya maji alikuja ningu.

Ningu ni samaki mnene wa tumbo, mdomo wake umetazama chini kana kwamba kila mara anatafuta kitu kilichomwangukia. Akiwa na mayai hupanda mto kutoka ziwani, na hataki kuyataga kwenye mkondo yakachukuliwa. Anataka nyasi zilizofunikwa na maji matulivu, ambamo watoto wake watajificha na kula mpaka wapate nguvu ya kuukabili mto. Bonde lilimpa nyasi, na zaidi ya nyasi lilimpa muda. Maji yaliyoingia Aprili yalikaa mpaka Juni, mwaka mwingine mpaka Julai, ndipo yakaanza kurudi mtoni kwa mdomo uleule.

Hapo mdomoni nyumba ya akina Walubengo ilikuwa na uzio wake: vijiti na matete yaliyosukwa kutoka ukingo huu hadi ule, na katikati migono, vile vikapu virefu vya kunasia samaki, vikiwa vimetazama bondeni. Samaki anayeingia haguswi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya ukoo na haikuwa na mjadala. Uzio ulisimamishwa wakiwa wameshaingia, ukanasa wakubwa wanaotoka, na matundu yake yaliachwa mapana ili wadogo wapite waende zao. Mtu akimgusa anayeingia, nyumba yake ilinyang'anywa mdomo ukapewa nyumba nyingine. Tena mgono wa kwanza ulitegwa kwa mkono wa mtoto wa kiume wa kwanza, si wa mtu mwingine. Baba yake Walubengo alifariki mwaka wa themanini na mbili, na mkono huo ukawa wake.

Kusuka migono ilikuwa kazi ya mama yake, Nanyama. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye vidole vilivyokatwakatwa na matete, na kila mwaka maji yalipoanza kurudi alikuwa na mazoea yake ambayo majirani waliyacheka. Alipiga magoti kwenye uzio, akaingiza mkono katika tundu chini ya maji, akafumba macho. Watoto wa ningu walipompita kati ya vidole, wengi, wakikimbilia mtoni, alicheka kama mtu anayetekenywa. "Wako," alisema. "Hii nyumba itakula tena."

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa. Mahindi yalikauka yakiwa ya kimo cha goti, na bonde halikuingiwa na maji kabisa. Lakini hata mwaka huo, katikati ya bonde lilibaki dimbwi moja refu lenye kivuli cha matete, na ndani yake samaki wa matopeni, mumi na kamongo, pamoja na ningu wachache wazee, walijibana wakangoja. Watu hawakuwa na subira ya samaki. Walubengo alimwacha mkewe Nasambu na mtoto wao Khisa pale kwa Nanyama, akaenda Kitale kutafuta kibarua.

Aliyempa kazi ya kwanza ni Nderitu, mkulima aliyehamia huko na familia yake kutoka Nyeri. Yeye na wenzake walikuwa wamenunua shamba la mzungu wakaligawana kwa kura, na kura ikamtupa Nderitu kinamasini. Wengine walipata kilima chenye udongo mwekundu. Yeye alipata mafunjo, vyura na korongo. "Mimi nilinunua shamba ya bata," aliwaambia watu, akicheka kabla hawajamcheka. Walubengo alimchimbia mtaro mmoja mkubwa wa katikati na mingine midogo ya pembeni, na kandokando Nderitu akapanda mikaratusi ili nayo inywe kilichobaki.

Mvua ya kwanza kubwa ilipokuja waliamka wote wawili wakaenda kutazama. Zamani mvua kama ile ingekaa pale kinamasini miezi. Safari hii, kufikia saa sita mchana, udongo ulikuwa umetoa mgongo mweusi, unafuka mvuke juani.

"Imeenda!" Nderitu alipiga kelele. "Jotham, si unaona? Maji yote imeenda!"

Walubengo alijua imeenda wapi. Mtaro uliingia kwenye kijito, kijito kikaingia mto mdogo, mto mdogo ukaingia Nzoia, na Nzoia ulipita nyuma ya nyumba ya mama yake. Jambo hilo lilimfurahisha kweli. Vibarua wenzake walipomtania kwamba wao wanatuma sukari na sabuni nyumbani na yeye hatumi kitu, aliwajibu, akimtaja mama yake kwa lugha ya kwao, "Mimi natuma maji, bana. Mayi yangu ni mtu wa samaki." Wakacheka wote, naye akacheka kuliko wao.

Baada ya Nderitu aliyemwita ni Gachanja, jirani wa Nderitu wa upande wa chini. Baada ya Gachanja wakamwita wa ng'ambo ya kijito, kisha wa ng'ambo ya hao, kila mtu mwenye kinamasi na watoto wa kulisha. Huwezi kuwalaumu. Udongo ule ulipokauka ulitoa kabichi za kubebwa kwa mikono miwili, na palipolia vyura pakasimama mahindi. Walubengo alimwezekea Nanyama nyumba ya mabati. Kila mwezi wa sita aliweka beleshi chini, akashuka nyumbani kutega mgono wa kwanza, kisha akarudi Kitale na furushi la samaki waliokaushwa, ambalo Nderitu hakulikaribia hata kwa pua.

Mwaka wa themanini na saba alifika nyumbani Juni kama kawaida, akakuta bonde ni kavu. Nyasi zilikuwa zimelalia upande mmoja na matope yamepasuka. Migono mipya ilikuwa imeegemezwa ukutani, haijaguswa na maji.

"Ilirudi mapema," Nanyama alimwambia. "Mwezi ya tano tu, ikaenda. Nilikungoja."

"Si ungetega tu, Mayi?"

"Na mkono ya nani?"

Wakasema ni mwaka mbaya, na miaka mibaya hutokea, wakaliacha hapo.

Mwaka uliofuata akaja Mei, na maji yalikuwa yameingia na kutoka mara mbili bila kumngoja. Nzoia ulikuwa umepata tabia mpya. Mvua ikinyesha juu, kesho yake mto umejaa mpaka kwenye mahindi ya watu, mwekundu kwa udongo wa mashamba ya huko juu. Keshokutwa umerudi chini. Kiangazi nao ulikonda mpaka watu wakavuka kwa kukanyaga mawe mahali ambapo ng'ombe waliwahi kuogelea. Wazee wa ukoo walikuna vichwa. Mmoja akasema ni ukataji wa miti, mwingine akasema ni vijana kukosa adabu. Walubengo aliwasikiliza wote, wala hakuunganisha mambo. Unaweza kumwita mjinga ukitaka. Mtu aliyekula jasho la kazi miaka yote, kazi ambayo kila mtu anamsifia, si rahisi aitazame upya na kuiona ina sura nyingine.

Mwaka wa themanini na tisa aliomba ruhusa Aprili yenyewe. Alipokaribia nyumbani alisikia kelele za watu bondeni akadhani ni matanga. Alikuta kijiji kizima kwenye nyasi, wamebeba beseni, sufuria na magunia. Maji yalikuwa yameingia kwa nguvu na ningu wakayafuata kama mama zao walivyoyafuata zamani. Kisha yakaondoka kwa ghafla, na samaki wakabaki wamelala kwenye nyasi, matumbo juu, matamvua ya pembeni yakifunguka na kufunga. Watu waliokota kama wanaookota viazi. Wazee walikuwa wameshakaa wakaamua kwamba samaki aliyeanguka nchi kavu haingii wala hatoki, kwa hiyo sheria haimhusu. Uamuzi huo ulichukua muda mfupi kuliko uamuzi wowote uliowahi kutolewa na wazee wale.

Mtu mmoja tu ndiye alikuwa akienda upande mwingine. Nanyama alikuwa amejaza karai samaki na maji kidogo, amelitia kichwani, anakwenda mbio za kizee kuelekea mtoni. Alilimwaga, akarudi, akajaza tena. Leso yake ilikuwa imelowa yote.

Nasambu alikuwa kati ya waokotaji, na gunia lake lilikuwa zito. Alimwona mumewe amesimama.

"Mama yako anarudisha chakula kwa mto," alisema, "mimi naokota. Sasa chagua utasaidia nani."

"Mama Khisa, hawa wana mayai."

"Na mimi nina watoto."

Akaenda kumsaidia mama. Walibeba karai pamoja, yeye sikio hili na mama sikio lile, mpaka jua likapinduka. Wengi walikufa njiani. Waliomwagwa mtoni wakiwa hai walizama wakaonekana tena upande wa chini, wamelala ubavu, mkondo ukiwachukua. Kwenye nyasi walizoacha, mayai yalikuwa yameshika kama ute, na jioni yalishakuwa makavu. Nanyama aliketi ukingoni akalia wazi, bila kuficha uso, na Walubengo akaketi kando yake, asijue chanzo cha yote hayo.

Alikijua mwaka uliofuata, na aliyemfungulia macho ni Nderitu bila kukusudia. Ilikuwa Februari, jua kali, na Nderitu alikuwa analalamika. Kijito cha chini ya shamba kilikuwa kimekauka na mkewe alilazimika kwenda mbali kuteka maji.

"Hii kitu inanishangaza," Nderitu alisema. "Tukikuja hapa hata Januari kulikuwa na maji, tena baridi. Ati sasa nakosa ya kunywa kwa shamba ya bata."

Walubengo alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro wake mwenyewe, ananoa panga. Akatazama kabichi. Akatazama mtaro ulivyonyooka mpaka kijitoni, na wa Gachanja ulivyoupokea, na mingine yote aliyoijua kwa sababu aliipima kwa kamba yake. Maji yaliyokuwa yakikaa hapa miezi, yakichuruzika kidogo kidogo chini ya mafunjo, ndiyo yaliyokuwa yakikaa kwenye nyasi za mama yake mpaka Juni. Hayakuwa maji mengine. Alikuwa ameyatuma nyumbani kama alivyojisifu, yote kwa mara moja. Akaliweka panga chini.

"Baba Gathoni," alimwambia Nderitu, "tukifunga huu mtaro je?"

Nderitu alicheka, kisha alipomwona uso akaacha. "Tukifunga, watoto wangu watakula nini? Mafunjo? Na tukifunga huu, utafunga ya Gachanja? Utafunga ya wale wote ulichimbia? Walubengo, wewe ni rafiki yangu. Enda ulale kidogo, jua imekupiga."

Hakulala. Wiki nzima alilifikiria, na mwisho wa wiki akapata alichoona ni njia. Mitaro ya Kitale haingefungwa, hilo lilikuwa limeisha. Lakini mafuriko yale ya haraka yalikuwa yameleta udongo mwingi, na mdomo wa bonde ulikuwa umeinuka kwa matope. Ndiyo maana, alijiambia, bonde linapata maji kidogo: mto unajaa na kushuka kabla haujapata kuingia vizuri. Mdomo ukichimbwa, ukashushwa na kupanuliwa, hata mafuriko madogo yataingia, yataingia mapema na kwa wingi. Alipolipata wazo hilo alihisi mzigo umemtoka. Hatimaye mikono iliyoharibu ingetengeneza.

Januari ya mwaka wa tisini na moja alikwenda nyumbani na beleshi lake, kamba yake na vigingi vyake. Wazee walisimama ukingoni wakatikisa vichwa kukubali. Nani angembishia? Ni yeye aliyeishi miaka na maji ya Kitale. Nanyama alimtazama akifunga kamba na kusema, "Wewe ndio fundi. Fanya vile unajua." Na hilo ndilo alilofanya: alifanya alivyojua. Alianzia chini, mtoni, akapanda. Alikata mdomo, akaingia bondeni, akafuata pale ambapo maji yenyewe yalipenda kupita, akausogeza mtaro mpaka karibu na dimbwi la katikati ili samaki wanaoingia walifikie kwa urahisi. Kuta alizilaza nyuma. Ulinyooka vizuri, na watu walikuja kuutazama kwa uzuri wake tu.

Aprili maji yaliingia mapema kuliko mwaka wowote aliokumbuka Nanyama. Yaliingia kwa mtaro kama yanaitwa, yakatandaa bonde zima, na ningu nyuma yake, wengi, migongo ikikata maji. Nanyama alipiga vigelegele. Alimshika mwanawe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu akiwa mtoto, akamzungusha. Nasambu alichinja kuku. Siku zile chache Walubengo aliongea kuliko miaka kumi iliyopita yote, na alikuwa na furaha, furaha kamili, hata Khisa akamuuliza baba kama amelewa.

Kisha mvua kule juu ikakatika kidogo, na Nzoia ukashuka.

Asubuhi alikuwa amesimama mdomoni alipoona majani yaliyokuwa yakielea kuelekea bondeni yamesimama. Yakazunguka. Yakaanza kurudi mtoni, polepole, kisha si polepole. Hayakusitasita. Aliijua kazi ile kwa kuitazama, kwa sababu ilikuwa yake. Zamani mdomo ulikuwa juu, na hata mto ukishuka ukingo ule wa udongo uliyazuia maji bondeni yakatoka kwa kuchujika. Sasa hapakuwa na ukingo. Alikuwa amechimba mtaro wa kuingiza maji bila kufikiria kwamba mtaro haujui kuingiza tu. Maishani mwake mwote hakuwahi kuchimba mtaro isipokuwa wa kutoa.

Aliita watu. Waliangusha migomba wakaiweka mtaroni, wakajaza magunia mchanga, wakapigilia vijiti. Maji yalipita chini yake, kisha pembeni, kisha yakang'oa vyote yakavipeleka Nzoia. Walubengo aliingia mwenyewe akasimama kifua wazi dhidi ya magunia, mpaka vijana wakamtoa kwa nguvu.

Siku ya pili migono ilijaa. Majirani walishangilia, kwa maana hao walikuwa wanatoka na ilikuwa halali kuwanasa, na mgono wa kwanza ulikuwa umetegwa na mkono unaostahili. Nanyama hakushangilia. Alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye tundu la uzio, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka watu wakaacha kucheka.

"Wadogo hawapiti," alisema. "Ni maji tu."

Akaondoa mkono, akaubadilisha, akaweka ule mwingine. Ni maji tu.

Siku zilizofuata dimbwi la katikati nalo likaanza kushuka. Lile ambalo hata ukame haukulimaliza, mtaro ulilimaliza, kwa kuwa ulifika karibu nalo na udongo wa katikati ukabomoka wenyewe. Mumi walionekana migongo, kisha wote. Kamongo walijichimbia kwenye tope, na watu wakawafuata kwa jembe. Ningu wazee, wakubwa ajabu, walitolewa wa mwisho. Nasambu hakuokota safari hii. Alisimama na leso mdomoni, akasema taratibu, "Baba Khisa, umefanya nini?" na hakuwa anamkemea, alikuwa anauliza.

Alijaribu kurudisha. Miaka mitatu alijaribu: alishindilia udongo, akapanda matete, akabeba mawe. Udongo uliochimbuliwa haushikani kama ule ulioketi mwenyewe, na mafuriko mapya ya Nzoia hayakumpa hata msimu mmoja wa kupumua. Kila Aprili yaliufungua mtaro, na kila mara ulikuwa mpana zaidi. Ningu waliokuja mwaka wa tisini na mbili walikuwa wa kuhesabika kwa macho. Tisini na tatu hakuja hata mmoja. Mwaka wa tisini na nne Nanyama hakusuka mgono, na hakuna aliyemuuliza sababu. Kati ya majaribio hayo Walubengo alirudi Kitale na kuchimba, kwa kuwa watoto walikula na shule zilifunguliwa, na kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Januari ya tisini na tano alikuta mama yake amekaa mlangoni, anamngoja. Alikuwa amezeeka kwa haraka, na macho yalikuwa na ukungu.

"Keti," alimwambia. "Ukoo umekaa. Wanasema mdomo bila samaki si mdomo. Bonde itagawanywa, kila nyumba na kipande yake. Sisi tumepewa pale katikati."

"Mayi, nitafunga tena. Mwaka huu nimefikiria saruji."

"Acha." Hakupandisha sauti. "Nusu ni kavu, nusu ni tope. Miwa haiwezi, mahindi haiwezi. Chimba mitaro zile za pembeni, kama unachimbiaga wale watu wa Kitale. Ikauke vizuri. Hawa watoto wapande kitu."

Alitaka kukataa. Badala yake akaenda kutafuta vigingi vyake. Kulipokucha alivaa gamubuti, akateremka bondeni, akazungukazunguka mpaka akaona ni wapi maji kidogo yaliyobaki yalitaka kutokea, akapigilia kigingi cha kwanza.

Alichimba kwa siku kadhaa, na hakuharibu, maana mikono yake haikujua kuchimba vibaya. Siku ya mwisho, jua likiwa utosini, Nanyama alishuka peke yake akipapasa njia kwa fimbo, amebeba uji kwenye kikombe cha bati. Aliuweka ukingoni. Walubengo alikunywa akiwa amesimama mtaroni, matope mpaka mapajani, na mama akangoja mpaka amalize, akakipokea kikombe. Kisha akamuuliza, kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza kibarua aliyemwita kutoka mbali:

"Itaisha leo?"

"Itaisha, Mayi."

"Asante," Nanyama alisema, akageuka, akiutafuta kwa fimbo mwinuko wa kurudi nyumbani.